Mbwa Mkubwa Si Mbwa wa Kudumu

Hapa Nalasi, mtu akija kuchagua mtoto wa mbwa hamwangalii usoni. Anamshika mguu wa mbele, anaupima unene kwa vidole viwili, kisha anatoa hukumu. Mguu ukiwa mnene na kiganja kikiwa kipana, husema, "Hili litakuwa jibwa, hili ni la kudumu." Wenye miguu membamba hubaki chini ya uchaga wakilia, na baada ya siku chache huwaoni tena. Hakuna anayeuliza wamekwenda wapi.

Hukumu hiyo nimeisikia tangu utoto, na kwa miaka mingi niliiamini. Mwaka juzi jirani yangu alirudi kutoka Songea mjini na mtoto wa mbwa wa kizungu ndani ya boksi la sabuni, aina ile wanayotumia polisi. Alimnunua kwa fedha ambayo ingemtosha kupata mbuzi wawili. Nilimuuliza kwa nini asichukue mmoja wa kwetu, tena bure. Alinijibu kwa upole kabisa: "Kaka, hawa wa kienyeji hufa kufa tu. Mimi nataka jibwa litakalozeeka na mimi."

Nataka kumjibu kwa maandishi, maana siku ile barazani hoja zangu hazikuwa zimekaa sawa, na jambo lenyewe si dogo. Huku kwetu kusini mwa Tunduru, karibu na Mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji, mbwa hafugwi kwa urembo. Mahindi, mpunga na mabibo ya mikorosho vina walaji wengi kabla ya mwenye shamba: ngedere, nyani, nguruwe pori. Msimu wa kulinda mazao familia huhamia shamba, watu hulala dunguni, na mbwa ndiye wa kwanza kusikia kinachonyemelea. Wengi wetu ni Waislamu, na tunajua dini imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Basi anayekosea katika kumchagua mbwa anajipunguzia mlinzi, na anayekosea katika kumtunza anaweza kumpoteza mtoto. Nitalirudia hilo la mtoto.

Tuanze na haki ya jirani yangu. Dhana kwamba kikubwa ndicho hudumu haikuzuka hewani. Tembo huweza kupita miaka 60. Panya wa ndani, hata asipokutana na paka, miaka 2 au 3 imemmaliza. Panya buku wa shirika la APOPO kule Morogoro, wale wanaofunzwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, wana uzito wa kilo 1 na zaidi, na huishi muda mrefu kuliko panya wa ndani: Magawa, aliyepewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alikufa Januari 2022 akiwa na miaka 8. Mtu aliyekua akitazama wanyama anauona mstari mmoja ulionyooka, mwili mkubwa na maisha marefu vikienda pamoja. Ukilinganisha mnyama wa aina moja na mnyama wa aina nyingine, mstari huo kwa kawaida unashika.

Unakatika ukiingia ndani ya aina moja. Kijibwa cha Chihuahua cha kilo 2 na Great Dane wa kilo 60 wote ni mbwa, damu moja, na ndani ya damu hiyo mambo yamegeuka. Mwaka 2013 watafiti Cornelia Kraus, Samuel Pavard na Daniel Promislow walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za mbwa wapatao 56,000 wa aina 74. Waliona kwamba kila uzito unapoongezeka kwa kilo 2, maisha yanapungua kwa mwezi 1 hivi. Wakauliza swali ambalo hata mfugaji wa Nalasi angeuliza: je, jibwa huanza kuzeeka mapema, au huzeeka mbio? Walichokikuta ni kwamba sababu kubwa ni mbio. Uzee ukishaanza, kwa mbwa mkubwa hauendi kwa hatua, unakimbia.

Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi mwingine, wa mbwa 584,734 wa Uingereza. Umri wa kati wa kufa, kwa mbwa wote pamoja, ulikuwa miaka 12.5. Wale wadogo warefu wa mgongo wanaoitwa dachshund wadogo walifika 14. Mbwa wa polisi, German Shepherd, alikomea miaka 11 na kidogo. Great Dane, kumi na nusu hivi. Lile jibwa la milima ya Kaukasi, ambalo ukiliona usiku utadhani ni ndama, lilikuwa la mwisho kabisa katika orodha: miaka 5.4. Ndilo ambalo huku kwetu lingepimwa mguu na kusifiwa kuliko yote.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria kazi anayofanya mtoto wa mbwa mkubwa. Great Dane huzaliwa na uzito wa nusu kilo na ushei, na katika mwaka mmoja na nusu anatakiwa awe na uzito unaokaribia mara mia ya ule. Chihuahua anazaliwa na gramu mia moja hivi na anaishia mara ishirini tu. Mwili hukua kwa seli kugawanyika, na kila seli inapojinakili panakuwa na nafasi ya kosa. Makosa yakirundikana huja saratani, na kumbukumbu za mbwa zaidi ya 74,000 waliokufa katika hospitali za mifugo za vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini kati ya 1984 na 2004 zinaonyesha kwamba saratani na magonjwa ya mifupa na viungo huwaua mbwa wakubwa kwa wingi kuliko wadogo. Ipo pia homoni ya ukuaji inayojulikana kama IGF-1. Mbwa wadogo wanayo kidogo, wakubwa wanayo nyingi, na mwaka 2007 wanasayansi walikuta kwamba jeni inayoiongoza ndiyo hiyo hiyo inayoamua kwa sehemu kubwa mbwa awe mdogo au mkubwa. Kinachomnenepesha mguu akiwa mtoto kinamdai baadaye.

Watu wengine husema udogo wa mbwa ni mchezo wa Wazungu, umetengenezwa juzi kwa ajili ya kubebwa mkobani. Si hivyo. Mwaka 2022 ilitangazwa kuwa alama ya udogo katika jeni hiyo ilikuwamo tayari kwa mbwa mwitu wa kale aliyeishi miaka ipatayo 54,000 iliyopita. Udogo ni wa kale kuliko kijiji chochote.

Najua vijana watanionyesha simu. Kulikuwa na Bobi, mbwa wa Ureno wa aina kubwa inayolinda mifugo, aliyesemekana kufa Oktoba 2023 akiwa na miaka 31. Picha zake zilizunguka sana, nami ziliwahi kunitikisa. Lakini Februari 2024 kampuni ya Guinness inayoandika rekodi za dunia ilimvua cheo hicho, kwa kuwa ushahidi wa umri wake haukutosha. Kabla yake cheo cha mbwa mzee kuliko wote kilikuwa cha Bluey wa Australia, mbwa wa kuchunga ng'ombe wa umbo la kati, aliyekufa 1939 akiwa na miaka 29 na miezi 5. Na ile hesabu ya kuzidisha mwaka wa mbwa mara saba ili kupata umri wa mtu, tuiache. Jike la mwaka mmoja linaweza kuwa na watoto tumboni. Binti wa miaka saba yuko darasa la kwanza au la pili.

Hadi hapo msomaji anaweza kudhani namwambia jirani yangu atafute kijibwa. Sisemi hivyo. Katika orodha ile ile ya Uingereza, Chihuahua, mdogo kuliko wote, hakufika miaka 12, wakati Labrador mwenye mwili wake wa kilo 30 alipita 13. French Bulldog, mdogo naye, alikomea 9.8 kwa sababu uso wake umebonyezwa na pumzi haipiti sawasawa. Udogo unasaidia mbwa akiwa ameumbika vizuri, ana pua ya kutosha na miguu ya kutembelea. Sasa tazama mbwa wetu: kilo kumi na tano hivi, pua ndefu, mkia uliojikunja, manyoya mafupi. Watu humwita koko kana kwamba ni masalia ya mbwa wengine. Utafiti wa mwaka 2009 uliopima vinasaba vya mbwa wa vijijini wa Uganda, Misri na Namibia ulionyesha kwamba wale wa Uganda karibu wote ni uzao wa asili wa Afrika, hawana mchanganyiko wa maana na mbwa wa Ulaya. Yeye ana nasaba yake. Kwa umbo, ni yule yule ambaye hesabu za Ulaya zingemtabiria maisha marefu.

Basi mbona anakufa kufa tu, kama asemavyo jirani? Hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Chukua kanuni ya kilo 2 kwa mwezi 1. Mbwa wa aina aliyonunua jirani akikua hufika kilo 35. Wa kwetu ni kilo 15. Tofauti ni kilo 20, yaani miezi 10. Hata mwaka haufiki. Hiyo ndiyo nguvu yote ya ukubwa na udogo katika maisha ya mbwa hawa wawili, wakipewa nafasi ya kuzeeka. Sasa weka pembeni yake hesabu nyingine. Utafiti uliofanywa Machakos, Kenya, na kuchapishwa 2001, ulikuta kwamba mbwa dume wa kijijini akizaliwa anatarajiwa kuishi miaka 3.5, na jike miaka 2.4. Nusu ya mbwa wote walikuwa hawajatimiza mwaka. Machakos si Tunduru, lakini mbwa wake ni kama wetu: wana wenyewe, wanazurura, wanakula makombo. Ni kweli kwamba hesabu ile ya Machakos inaanza siku ya kuzaliwa, na ile ya Uingereza haiwahesabu vitoto vilivyokufa kabla ya kuandikishwa, kwa hiyo hazilingani moja kwa moja. Punguza utakavyo, bado pengo linabaki la miaka mingi. Ukubwa unaondoa miezi. Kuna kitu kingine kinachoondoa miaka.

Nimekiona kitu hicho kwa karibu. Kinaanza na jike kunywa maji ya sufuria ya ugali wakati ana watoto sita wanaonyonya. Kinaendelea na safura, minyoo ile inayonyonya damu tumboni mpaka ufizi wa mtoto wa mbwa unakuwa mweupe kama karatasi; mfunue mdomo utaona. Kisha viroboto, kisha kupe na homa zake, kisha kuhara damu kunakofagia uzao mzima kwa siku tatu. Aliyepona anakwenda shamba, na huko kuna chui na mitego ya waya. Na katika misitu yetu ya miombo kuna ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.

Mbwa wa jirani aliuawa na ndorobo. Alikua kweli, masikio yamesimama, watoto wakimwogopa. Kufika Januari chakula kilipungua kwenye nyumba nyingi, maana mahindi ya zamani yamekwisha na mapya hayajakomaa, na mbwa wa kilo 35 anataka karibu mara mbili ya chakula cha mbwa wa kilo 15. Akaanza kukonda. Masika yalipokolea, macho yake yakapata ukungu wa buluu, kama glasi iliyopigwa na mvuke. Alikuwa akigonga nguzo za baraza akitafuta sauti ya bwana wake. Bwana mifugo alipofika alimshika kope, akatikisa kichwa, akasema ni ndorobo na amechelewa kuitwa. Hakutimiza mwaka mmoja na nusu. Jirani alimzika mwenyewe chini ya mkorosho, na sikuwa na moyo wa kumkumbusha tulichoongea. Naandika haya kwa sababu nilimwona akilia.

Upande wa pili wa kijiji shangazi yangu alikuwa na kijibwa jike, jina lake Sijali. Alizaliwa wakati wa kampeni za uchaguzi mkuu wa 2010, wa mwisho katika uzao wake, mguu kama kijiti cha mhogo. Alikuwa wa kutupwa. Shangazi alimchukua kwa sababu tu alikuwa amekaa mlangoni kwake hatoki. Hakumpa chochote cha ajabu: ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, maji safi kwenye kipande cha chungu, dawa ya minyoo kila alipokumbuka, na chanjo. Kwa chanjo alikuwa mkali. Alimfunga kwa kipande cha kanga akamkokota hadi walipokuwa wakichanjia, wanaume wakimcheka. Usiku kule shambani Sijali hakuweza kumkimbiza nguruwe pori hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kubweka mapema, na watu wakafanya yaliyobaki. Miaka yake ya mwisho pua yote ilikuwa na mvi na meno ya mbele yamekwisha, shangazi akimlowekea ugali kwenye mchuzi. Alikufa masika ya 2023, amelala tu. Miaka kumi na miwili na nusu. Mbwa mmoja si ushahidi wa kuamulia kesi, nalijua hilo. Lakini hakuna jibwa hapa kwetu ambalo nimelijua kwa umri likafika hapo, na kilichomfikisha Sijali si kimo chake peke yake. Ni kwamba kuna mtu aliyeyaondoa njiani, moja baada ya jingine, yale yanayoua kabla ya uzee.

Sasa lile la mtoto. Makadirio yaliyochapishwa 2002 yalionyesha kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 1,500 kila mwaka Tanzania, na sehemu kubwa ya wanaofikiwa na ugonjwa huu ni watoto, kwa kuwa wao ndio wanaocheza na mbwa na hawasemi wameng'atwa. Dalili zikishatokea, hakuna tiba. Mbwa mkubwa na mbwa mdogo hawana tofauti yoyote mbele ya ugonjwa huu. Jibwa la mamia ya maelfu ya shilingi ambalo halijachanjwa ni hatari nyumbani kuliko koko aliyechanjwa. Na mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wake.

Wapo wanaosema chanjo haifai huku kwa kuwa inataka friji, na umeme wetu tunaujua. Hili nalo limejibiwa, tena kwa kazi iliyofanyika hapa hapa Tanzania: chanjo ya kichaa cha mbwa aina ya Nobivac iliyowekwa kwenye joto la nyuzi 30 kwa miezi 3 bado ilimpa mbwa kinga sawa na ile iliyotoka kwenye ubaridi. Watafiti wakaenda mbali zaidi, wakatengeneza vyungu vya kuipoza kwa maji tu, bila umeme. Wengine husema watoto wa mbwa wasichanjwe mpaka wakue. Shirika la Afya Duniani linashauri wachanjwe nao kwenye kampeni, hata walio chini ya miezi 3, kwani wakiachwa unaacha sehemu kubwa ya mbwa wa kijiji. Na wanaosema haisaidii watazame Pemba. Kule chanjo ya mbwa ilikitokomeza kichaa hiki. Mwaka 2016 kikaingia tena. Chanjo ikarudiwa kwa nguvu, na kufikia 2018 kikawa kimetokomezwa kwa mara ya pili. Kinachotakiwa ni mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na halmashauri nyingi nchini huchanja mbwa kuelekea siku hiyo. Ni kabla tu ya korosho kukolea, kabla hatujatawanyika mashambani na kuwaacha mbwa wajitafutie. Tuwapeleke siku hiyo, wakubwa kwa wadogo, na tuwapeleke majike pia, ambao ndio wanaosahaulika kuliko wote.

Nawe jirani yangu, jike langu limezaa. Watoto wako wanne chini ya uchaga, na wawili wana miguu membamba kuliko wote niliowahi kuwaona. Mama yao amechanjwa na kupewa dawa ya minyoo. Njoo uchukue umpendaye, bure, ila safari hii usiwashike miguu. Wafunue midomo uone ufizi wao ulivyo mwekundu.